Uyoga kwenye Gari la Mzee Momose

Kabla hujaniona mtu mbaya, nisikilize kwanza. Ukishanisikiliza niite utakavyo, maana mimi mwenyewe nimeshajiita majina yote.

Naitwa Kakizaki Noboru. Nina gereji hapa Ueda, Japani, nyuma ya kiwanda cha miso ya soya, mwaka wa ishirini na sita huu, na sibadilishi oili za magari ya kwendea sokoni. Kazi yangu ni magari ya michezo, yale ya milango miwili yaliyolala chini. Mtu ananiletea lake akitaka liamke, mimi naliamsha. Mke wangu Sayoko anakaa mezani pale mbele, anapokea simu na kuwaambia wateja nimetoka, hata kama miguu yangu inaonekana chini ya gari.

Mzee Momose Kiyohiko alikuja kwangu mwezi wa nne, maua ya cheri yanamalizikia kudondoka. Ana miaka sabini na moja. Alikuwa dereva wa basi la milimani miaka thelathini na minane, hajamkwaruza mtu hata kioo, na siku anastaafu kampuni ilimpa nishani. Badala ya kununua kiti cha kukandia mgongo kama wenzake, akajinunulia gari la bluu iliyokoza, la gia za mkono, gari ambalo vijana wanalitolea macho barabarani. Binti yake alimnunia mwezi mzima. Mkewe, mama Tokie, alisema bora gari kuliko mwanamke mwingine, akaingia jikoni.

"Fundi," akaniambia mzee siku hiyo, "hili gari langu naona linapumua kwa pua moja."

"Limetoka kiwandani hivyo, mzee. Wamelibana makusudi lisije likawaamsha majirani."

"Basi nifungulie pua ya pili. Ila nalipandisha mlimani hata wakati wa joto, na mimi si kijana. Nataka lipumue vizuri tu. Sishindani na mtu."

Nikampangia vitu vitatu mezani. Cha kwanza kilikuwa chujio la hewa la kitambaa linaloingia kwenye kasha lile lile la kiwandani. Hilo ni salama, ila tofauti yake utaisikia kama umeambiwa. Cha pili kilikuwa kasha zima jipya, limefungwa pande zote, lina mdomo mpana unaovuta hewa baridi kutoka mbele ya gari, na joto la injini haliingii humo. Cha tatu kilikuwa uyoga.

Uyoga ndivyo tunavyouita sisi mafundi. Ni chujio tupu la mviringo, halina kasha, linakaa wazi chini ya boneti kwenye ncha ya bomba la hewa, na ukilitazama ni uyoga kweli. Ukikanyaga mafuta, sauti yake inakuingia hadi kwenye meno. Ubaya wake ni huko kukaa wazi, maana siku ya joto linavuta hewa ambayo injini imekwisha kuipasha moto, na hewa ya moto injini haiipendi. Bomba la uyoga ule nilikuwa nimelitengeneza kwa mkono wangu, la alumini, upana wake milimita themanini badala ya sabini za kiwandani. Wiki mbili nilikuwa nalichomelea. Lilikuwa zuri, jamani. Mshono ule sijaupata tena.

Mzee Momose akaliinua lile kasha la pili, akaligeuza, akachungulia mdomo wake. "Hili lina akili," akasema. Kisha akaliweka chini, akanyoosha mgongo, akainamisha kichwa. "Lakini mimi ni dereva, si fundi. Nakuachia wewe."

Nakuachia wewe. Huku kwetu mtu akikwambia neno hilo, basi amekukabidhi macho yake. Haulizi tena, hachungulii, hasemi mbona hivi mbona vile. Ukimpakulia chakula ambacho hakukiagiza, anakula na kushukuru. Fundi mwenye adabu akiambiwa hivyo anachagua kinachomfaa mteja, hata kama yeye mwenyewe kinamchosha.

Mimi nilichagua uyoga. Nilitaka bomba langu lipande mlima. Nilitaka watu wa kule juu kwenye maegesho wamwombe mzee afungue boneti, wachungulie, waulize hili kafunga nani. Ndiyo sababu yangu yote. Nimetafuta nyingine na sikuipata.

Sasa bomba likipanuliwa, mambo yanabadilika. Ndani yake kuna kifaa kidogo kinachopima hewa inayopita na kuiambia kompyuta ya gari imwage petroli kiasi gani. Bomba likiwa pana kuliko kawaida, kifaa kile kinadhani hewa ni kidogo, kompyuta inabana petroli, na injini yenye hewa nyingi na petroli haba inawaka moto mkali kupita kiasi huko ndani. Dawa yake ni kulipandisha gari kwenye rola za kupimia nguvu na kuifundisha kompyuta upya. Nilifanya hivyo, usiniharakishe. Nilifanya asubuhi moja ya mwezi ule ule wa nne, baridi inatutoa moshi midomoni. Injini ikavuta vizuri ajabu, na ile sauti ilimfanya Sayoko atoke nje akiwa na simu sikioni.

"Joto likianza niletee nilipime tena," nikamwambia mzee. "Vipimo vya baridi si vya joto."

Mwishoni mwa mwezi wa sita akapiga simu. "Fundi, joto limeanza."

Nilikuwa na magari manne ya watu wa mashindano, yote yanatakiwa Jumamosi. Hata kichwa sikukitoa kwenye boneti. Sayoko alinishikia simu sikioni. "Lipo sawa tu, mzee," nikasema. "Wewe tembea nalo. Tutalipima baada ya sikukuu ya Obon, mwezi wa nane."

Mtu mwingine angeuliza kama nina uhakika. Yeye alikuwa ameshaniachia, kwa hiyo akasema ahsante, akakata simu.

Siku tisa kabla ya Obon, sikukuu yetu ya kuwakumbuka marehemu, saa nane mchana, jua linakaanga lami, injini ilikufa kwenye kona za kupanda mlimani kwenda Utsukushigahara. Lori la kukokota likalileta gari gerejini kwangu likiwa limebebwa mgongoni. Tulilisukuma ndani mimi na dereva wa lori, nikasema nitalifungua kesho kutwa, leo siwezi.

Asubuhi yake, kabla hatujafagia, mzee Momose akaingia. Alivaa suti nyeusi na tai, katika joto lile, jasho linamtiririka hadi kwenye kola. Mkononi ana boksi la keki za kokwa za jozi lililofungwa kwa karatasi ya duka kubwa. Akalishika kwa mikono miwili, akainama hadi nikaiona shingo yake yote.

"Nimeiua kazi yako, fundi. Nilikuwa natoka gia ya tatu kwenda ya nne. Mkono ukanipotea, nikaingiza ya pili. Nikasikia mlio, kisha moshi. Miaka thelathini na minane sijawahi kukosea gia, jana nimekosea."

Mtu akitoka gia ya tatu akaangukia ya pili akiwa na mwendo, injini inazungushwa kwa nguvu kuliko inavyoweza, inajivunja yenyewe. Hilo linatokea, nimeliona kwa vijana wengi. Kwa hiyo nilimwamini. Nami kabla sijafungua hata nati moja, nikainama chini kuliko yeye, nikasema tunachosema sote.

"Hapana, hapana, mzee. Kosa ni letu sisi."

Usinielewe vibaya, nilikuwa sikiri chochote. Huku kwetu mtu akikuomba radhi nawe unamwomba radhi, ndiyo malezi. Ni kama kuitikia hodi. Yeye akasema hapana, ni langu, mimi nikasema hapana, ni letu, tukainamiana kama mara nne hivi, Sayoko akapokea boksi na kuleta chai baridi. Mzee alikunywa amesimama. Mkono wake wa kushoto, ule wa gia, alikuwa ameuficha mfukoni.

Kesho yake nikaifungua injini.

Injini iliyozungushwa kupita kiasi kwa gia isiyo yake inapinda valvu, vile vilango vya kuingizia hewa na kutolea moshi, lazima. Pistoni zinapanda kabla valvu hazijafunga, zinagongana. Niliitoa hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, nikazipanga valvu zote kumi na sita kwenye kitambaa cheupe. Zilikuwa zimenyooka. Hata moja haikupinda. Nikachungulia silinda ya tatu. Ukingo wa pistoni ulikuwa umeyeyuka kama mshumaa, umeacha tundu la kuingia kidole. Hiyo si kazi ya mkono wa mzee. Hiyo ni injini iliyonyimwa petroli siku ya joto, inavuta hewa ya moto kupitia bomba pana ambalo hakuna aliyelipima tena.

Nilikaa chini sakafuni. Sayoko akapitisha kichwa mlangoni, akauliza kama nataka keki ya jozi, ni tamu kweli, mzee hakubana. Nikasema nataka. Nikala keki yake nimeshika pistoni yake, na mpaka leo jozi sina hamu nazo.

Jioni ile mzee akapiga simu. "Ndani kukoje, fundi?"

"Imekufa, mzee."

"Kama nilivyofikiri," akasema. "Niwie radhi."

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi. Ilikuwa imefunguka wazi kama mlango wa gereji, ningesema tu hapana, subiri, nina la kukwambia. Nikasema pole. Nikamwambia habari ya kutengeneza tutaongea baadaye, nikamtakia Obon njema. Sikusema uongo, eti. Nilijituliza hivyo kwa siku kadhaa, kwamba sikusema uongo. Shetani mwenyewe angenionea haya.

Unajua kilichoniponza? Si hasara, injini ningeweza kumtafutia. Ni kwamba yeye alikuwa amenirahisishia. Mtu amekuja na suti na keki kukubebea mzigo wako, ameuweka begani mwenyewe, na wewe unachotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Kunyamaza sikujua kama ni kazi ngumu hivi.

Baada ya Obon, Sayoko akanikumbusha kwamba aliyeletewa zawadi lazima arudishe. Nikanunua tikiti maji kubwa, nikaenda nyumbani kwa mzee nimepiga moyo konde kwamba leo naumwaga mtama wote.

Mama Tokie ndiye aliyenifungulia. Ni mwanamke mfupi, mcheshi, anasema na kila kitu, hata na tikiti. "Na wewe umekuja kuniongezea mzigo wa kubeba," akaliambia. Kisha akanionyesha barazani kwa kidevu. "Nenda kamwone mwenzio. Tangu wiki iliyopita anakoroga mchanga. Mwanzo nilidhani anataka kupanda vitunguu."

Mzee Momose alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni, na kushoto kwake ameweka ndoo iliyojaa mchanga. Katikati ya mchanga amechomeka mpini wa ufagio uliokatwa. Amefumba macho. Mguu wa kushoto unakanyaga klachi isiyokuwepo, mkono unavuta mpini nyuma, unausukuma, unaurudisha katikati. Tatu, nne. Tatu, nne. Kwenye kiganja alikuwa amejifunga plasta.

"Ah, fundi," akasema alipofumbua macho, akaacha mpini kama mtu aliyefumwa. "Karibu. Najipima. Katika mara mia naikosa gia mara mbili, tatu. Ukiniuliza wapi naikosa, sijui. Nikifumbua macho siikosi. Nikifumba naikosa."

"Mzee, mchanga si giaboksi."

"Mkono ni mkono." Akauangalia mkono wenyewe, pande zote mbili. "Nilibeba watoto wa shule kwa mkono huu, fundi, kona zile zile, na theluji. Kama unaweza kunipotea mara moja bila kunipa habari, utanipotea tena. Safari nyingine kwenye kona patakuwa na mtu."

Mama Tokie akaleta tikiti limekatwa na achari za majani, akakaa nasi. Akasema binti yao anataka baba yake arudishe leseni polisi, kama wazee wengine wanavyofanya siku hizi. Alikuwa akimpigia kelele tangu mwaka jana, mzee hamsikii. Sasa mzee mwenyewe ndiye anauliza ofisi inafunguliwa saa ngapi.

Nikashuka kwenye mto niliokalia, nikapiga magoti kwenye mkeka, nikaweka mikono chini na paji la uso juu ya mikono.

"Mzee Momose, kosa ni langu. Si lako. Mimi ndiye niliyekosea, tangu mwanzo. Nisamehe."

Nikasikia mama Tokie anavuta pumzi ya kuguswa, na mzee akanishika bega kuniinua.

"Fundi, fundi. Inuka." Alikuwa anatabasamu, macho yana maji. "Umelelewa vizuri wewe. Hata hili unataka unibebee. Inuka ule tikiti, linapoteza baridi."

Nikainuka. Ndiyo, niliinuka. Nilikuwa nimeusema ukweli kwa maneno ambayo huku kwetu kila mtu anayasema na hakuna anayeyasikia, na moyoni nililijua hilo hata kabla sijafungua mdomo. Niliyachagua kwa sababu hiyo. Ningeweza kusema uyoga, ningeweza kusema petroli, ningeweza kusema tundu la kidole. Nikala vipande vitatu vya tikiti nililolileta mwenyewe, nikasifia achari, nikarudi nyumbani nimepumua. Nilikuwa nimekiri, bwana. Kama hakusikia, mimi nifanyeje.

Sayoko aliikuta ile pistoni wiki ya kwanza ya mwezi wa tisa, alipokuwa anatafuta karatasi za kodi chini ya meza yangu ya kazi. Nilikuwa nimeiviringisha kwenye kitambaa, nikaisukuma nyuma kabisa. Sayoko ni mtoto wa fundi, baba yake alitengeneza matrekta, huwezi kumwambia pistoni ni sufuria. Akaiweka mbele yangu nikiwa nakula tambi za mchana.

"Hii ya nani?"

"Ya mzee Momose."

Akaingiza kidole kwenye tundu. "Imeyeyuka. Mtu akikosea gia pistoni haiyeyuki."

"Ndiyo."

"Amejua?"

"Nilimwambia. Siku ile ya tikiti."

"Ulimwambiaje?"

"Nilimwambia kosa ni langu, anisamehe. Nilipiga magoti kabisa."

Akanitazama muda mrefu, na sikupenda alivyonitazama. "Hayo hata mimi nawaambia watu wakinikanyaga mguu," akasema. "Nakuuliza tena. Amejua?"

Tambi zikavimba kwenye bakuli. Sayoko hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alirudi mezani kwake, akakaa, na siku tatu kila mteja aliyepiga simu alimwambia nipo, ngoja nimwite, mpaka nikakosa pa kujificha.

Siku ya nne akaja mama Tokie. Amekuja kuchukua vitu vya mzee vilivyobaki kwenye gari, mto wa kiti, miwani ya jua na chupa ya chai, maana mzee ameamua gari liuzwe lilivyo. Sayoko akamsaidia kuvikusanya. Mimi nilikuwa nimesimama na spana mkononi kama sanamu.

"Na mwenyewe yuko wapi leo?" Sayoko akauliza.

"Ameenda polisi kurudisha leseni. Ameamka mapema, amenyoa ndevu, amevaa ile nishani yake ya basi. Nikamwambia unakwenda kuoa?" Mama Tokie akacheka kidogo, kisha cheko likamkatikia. "Tangu siku ile hanishiki mkono tukivuka barabara. Anasema mkono wake hauamini tena."

Sayoko alinyoosha mkono chini ya meza, akatoa kile kitambaa, akanipa.

Sikubadilisha nguo. Kutoka gerejini hadi kituo cha polisi ni dakika kumi na mbili kwa gari, nilitumia saba, na nikiwa njiani nilijitukana kwa sauti hadi dereva wa gari la pembeni akapandisha kioo. Niliingia pale na ovaroli la oili, watu wakanipisha.

Mzee Momose alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na dirisha la leseni, mgongo umenyooka, nishani kifuani. Akaniona, uso ukamchangamka.

"Fundi. Umekuja kunisindikiza?"

"Mzee, leseni umeshaitoa?"

Akanionyesha. Ilikuwa kwenye mapaja yake juu ya karatasi. Picha yake ipo, jina lipo, na pembeni wameitoboa tundu la duara. Wamemrudishia kama kumbukumbu.

Nikachuchumaa mbele yake. "Mzee, nina neno, na nakuomba usinijibu kwa adabu. Nisikilize kama unavyomsikiliza kondakta anayekwambia breki zimekufa."

Tabasamu likamtoka polepole.

Nikafungua kitambaa. "Hii ni pistoni yako ya tatu. Ungekosea gia, valvu zingepinda. Zipo kumi na sita na hakuna iliyopinda. Hii imeyeyuka kwa kukosa petroli. Imekosa petroli kwa sababu nilikufungia uyoga na bomba pana, wakati lile kasha ulilolishika wewe ndilo lililokufaa, na nilifanya hivyo kwa sababu nilitaka watu walione bomba langu. Halafu ulinipigia simu ukaniambia joto limeanza, nami nikakwambia lipo sawa. Halikuwa sawa, sikulipima. Hukukosea gia. Nilijua siku ya pili baada ya keki zako. Nimekaa na hii chini ya meza mwezi mzima."

Alikuwa ameichukua. Akapitisha kidole gumba kwenye ukingo ulioyeyuka, akaingiza cha shahada kwenye tundu, akakitoa. Vidole vyake vilikuwa vimetulia kabisa.

"Gia ya nne iliingia?" akauliza.

"Iliingia."

"Bila kukwaruza."

"Giaboksi nimeifungua. Meno yote ni mazima. Iliingia kama kawaida yako, mzee, injini ndiyo iliyokufa wakati huo huo. Ulisikia mlio ukadhani ni mkono."

Askari wa kike wa dirishani aliita namba ya mtu mwingine, mtu akapita kati yetu akiomba radhi. Mzee Momose akautazama mkono wake wa kushoto, plasta bado ipo kiganjani.

"Kwa hiyo mwezi mzima huu," akasema, "nimekuwa mzee bure."

Nikainama hadi sakafuni, pale pale kituoni, na kinywa changu, kwa mazoea yake, kikasema kosa ni langu.

Nikasubiri, kwa sababu kila mtu aliyezaliwa nchi hii anajua kinachofuata. Unasubiri mwenzako aseme hapana, hapana. Mzee Momose, dereva aliyeinamia abiria miaka thelathini na minane, hakusema.

"Ndiyo," akasema. "Ni lako."

Niliinuka, nikaenda dirishani, nikamuuliza askari kama jambo hili linaweza kurudishwa nyuma, mzee amerudisha leseni kwa kudanganyika, aliyemdanganya ni mimi, waniandike mimi. Askari alikuwa binti mpole. Aliniambia ikishatobolewa imekwisha. Akitaka kuendesha tena aombe upya, aanze na mtihani wa maandishi na wa barabarani, kama mtu ambaye hajawahi kushika usukani.

Mzee alikuwa amesikia. Alikunja karatasi yake, akaiweka pamoja na leseni kwenye mfuko wa ndani wa koti, akanirudishia pistoni. Tukatoka.

Nje lilikuwepo gari lao dogo jeupe la nyumbani. Alikuja nalo mwenyewe asubuhi, binti yake angelifuata jioni. Nikamwambia nitamrudisha nyumbani nalo, langu nitalifuata baadaye kwa miguu. Mzee akatoa funguo, akafungua mlango wa dereva, akaweka mguu mmoja ndani na mkono juu ya usukani. Hapo akasimama. Akautoa mguu, akanipa funguo bila kunitazama, akazunguka mbele ya gari kwenda upande wa pili. Ilimchukua muda kuupata mkanda. Hakuwahi kukaa upande ule.